Italia ya mwaka 1066 kwenye gemu: tamaduni ngapi, na mipaka ipite wapi?

Msomaji mmoja anatengeneza nyongeza ya gemu ya mkakati ya kihistoria inayoanza mwaka 1066, na Italia imemkwamisha. Katika gemu hiyo kila mkoa una utamaduni wake, na utamaduni ndio unaoamua majina ya watoto wanaozaliwa, sheria ya kurithi, aina ya askari na jinsi raia wanavyompokea mtawala mgeni. Ramani aliyoikuta ilikuwa na utamaduni mmoja tu, "Kiitalia", kuanzia Alpi mpaka ncha ya Calabria. Yeye ameivunjavunja zikawa tamaduni 18, kwa kufuata ramani ya lahaja za siku hizi. Wenzake wanamwambia amezidisha. Anauliza nani ana haki, Sisilia aiandike ya Waarabu au ya Wasisilia, na kama "Kiitalia" kinastahili kubaki popote.

Ndugu yangu, kwa maoni yangu mmekosea pande zote mbili, na mmekosea mahali pamoja: mnachora watu wa 1066 kwa ramani za wajukuu wa vitukuu vyao.

Ufalme wa Italia ulikuwapo mwaka huo, lakini ulikuwa taji la wafalme wa Kijerumani, na eneo lake lilikuwa kaskazini pamoja na Toscana. Mtu wa Bari au wa Palermo hakuwa na habari nao. Kwa hiyo utamaduni mmoja haufai. Lahaja nazo zina matatizo mawili. Kwanza, ramani ya lahaja za leo imetokana na mambo ambayo gemu yako bado haijayafikia. Msemo wa Roma wa karne ya 11 ulikuwa karibu zaidi na wa kusini. Kuvutwa kwake upande wa Toscana ni habari ya karne ya 15 na 16. Pili, lahaja hazina mwisho. Mwanzoni mwa karne ya 14 mshairi Dante alihesabu lahaja 14 za Italia, kisha akaivuruga hesabu yake mwenyewe: akasema hata ndani ya Bologna watu wa mtaa wa San Felice hawasemi sawa na wa Strada Maggiore, na kwamba anayetaka kuzihesabu tofauti zote ndogondogo atafika elfu na kupita. Wewe umeishia 18 kwa sababu ulichoka, si kwa sababu zimekwisha.

Mimi hutumia kipimo cha sheria. Nauliza: mzee akifa, jirani huyu na jirani yule watagawana mali yake namna moja? Mjane atapata nini? Binti je? Gemu yako inaendeshwa na ndoa, urithi na ugomvi wa ndugu, hivyo tofauti inayogusa mambo hayo ndiyo inayostahili rangi yake kwenye ramani. Na bahati nzuri Waitalia wa wakati huo walituachia kumbukumbu. Katika hati za karne ya 10 na 11, mtu anayeuza shamba au kuipa kanisa kiwanja hutaja kwanza anaishi kwa sheria ipi: ya Kirumi, ya Kilombardi, au ya Wafranki wa Salia (hizi mbili za mwisho ni za makabila ya Kijerumani yaliyoiteka Italia). Mwanamke aliyeolewa mara nyingi hutaja mbili, ile aliyozaliwa nayo na ile ya mumewe aliyoingia nayo kwenye ndoa. Jiji moja linaweza kuwa na watu wa sheria zote tatu, na mthibitishaji wa hati anaziandika bila kushangaa.

Ukipima hivyo, kwa mwaka 1066 unahitaji tamaduni nane za mikoa: Kilombardi cha kaskazini, Kitoscana, Kirumi cha katikati, Kivenezia, Kilangobardi cha kusini (yaani cha Walombardi waliobaki huko), Kigiriki cha Calabria na Salento, Kiarabu cha Sisilia, na Kisardinia. Juu yake weka Kinormani, cha wapiganaji waliotoka Normandia huko Ufaransa, lakini hicho wape watu tu, usikipe mkoa hata mmoja.

Nianze na Venezia, kwa sababu hapo ndipo karibu kila ramani niliyoiona inateleza. Watu huchukua mkoa wa Veneto wa leo na kuupaka wote rangi moja, Verona, Padova, Treviso na Venezia yenyewe. Mwaka 1066 hao hawakuwa watu wamoja. Verona na Padova ni nchi kavu iliyotekwa na Walombardi kisha na Wafranki, ina makabaila wa Kijerumani na sheria zao. Wanalagoni, yaani watu wa visiwa vya Venezia yenyewe, hawakuwahi kuwa chini ya ufalme huo. Hata mkataba wa mwaka 812 baina ya Karolo Mkuu, mtawala wa Wafranki, na Konstantinopoli uliwaacha upande wa Bizanti, dola la Kirumi la mashariki. Walikuwa na desturi zao zenye mizizi ya Kirumi na Kibizanti, na utajiri wao ulikuwa chumvi, meli na biashara. Venezia iliipata Treviso mwaka 1339, Padova na Verona mwaka 1405. Kwa hiyo mkoa wa Kivenezia katika gemu yako ni ule ukanda wa maji tu: Rialto, Torcello, Chioggia, na Grado ukipenda. Mkoa mdogo, ndiyo, lakini wenye pesa.

Usiwape Wavenezia urithi wa mtoto wa kwanza. Familia ya Orseolo ilijaribu kuufanya udoge (doge ndiye mtawala wa Venezia) uwe wa nyumba yao, na baada ya kuanguka kwao, mwaka 1032, ikazuiwa desturi ya doge kumwita mwanawe kukalia kiti pamoja naye. Mwaka 1066 doge ni Domenico Contarini, ambaye chini yake ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Marko tunaloliona leo ulikuwa umeanza. Mchezaji anayemshika aone ugumu huo: ana watoto, ana mali, na bado hawezi kuwaachia kiti.

Sasa kusini. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ningekushauri muda wako mwingi uumalizie huku, kaskazini isubiri.

Walombardi waliingia Italia mwaka 568. Karolo Mkuu alipouangusha ufalme wao wa kaskazini mwaka 774, watu wa Benevento, ndio hao ninaowaita Walangobardi, hawakuanguka nao. Waliendelea kuwa na watawala wao kwa karne tatu nyingine, wakagawanyika kuwa Benevento, Salerno na Capua. Kufikia 1066 lugha yao ya Kijerumani ilikuwa imekufa zamani, wanasema Kilatini kilichochakaa kama majirani zao; hati za Capua za mwaka 960 zina sentensi za kiapo ambazo huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiitalia. Kwa ramani ya lahaja hawa hawapo. Lakini sheria yao ipo hai, majina yao yapo (Landolfo, Pandolfo, Gisulfo, Guaimario, Atenolfo), na hata mwandiko wao ni wa peke yake: ule wa Kibeneventi, wa Monte Cassino, ambao ukiuona mara moja huusahau, herufi zake zimekatwakatwa kama kwa patasi.

Sheria hiyo ilimpa mjane hadi robo ya mali ya mumewe, zawadi aliyotajiwa asubuhi baada ya harusi, na ikagawa urithi baina ya wana wote. Hili la mwisho ni muhimu sana kwenye gemu. Pandolfo aliyeitwa Kichwa cha Chuma alizikusanya mkononi mwake Capua, Benevento, Salerno na Spoleto; alipofariki mwaka 981, mkusanyiko wote ukasambaratika mikononi mwa wanawe na ndugu zake katika muda mfupi. Ukiwapa Walangobardi mgawanyo wa lazima, gemu itakuonyesha yenyewe kwa nini Wanormani waliwameza. Na Wanormani wenyewe walikuja na mtindo wa kumwachia mkubwa. Miaka mingi baadaye, wanasheria wa ufalme wa kusini bado walikuwa wanatenganisha mashamba ya kikabaila yaliyoshikwa kwa sheria ya Walangobardi, yanayogawanyika, na yale ya sheria ya Wafranki, yanayokwenda kwa mmoja.

Mwaka unaoanzia wewe, Salerno iko kwa Gisulfo wa Pili. Dada yake, Sichelgaita, ameshaolewa na Robert Guiscard, kiongozi wa Wanormani, tangu 1058. Usiikose ndoa hiyo, maana Guiscard aliitwaa Salerno mwishoni mwa 1076 akiwa shemeji. Capua tayari iko kwa Wanormani, hivyo mkoa uandike Kilangobardi na mtawala umwandike Mnormani.

Napoli, Amalfi na Gaeta zinakera kidogo. Zilijihesabu kuwa za Bizanti, watawala wao walijipamba kwa vyeo vya Kigiriki, na sheria yao ilikuwa ya Kirumi. Sijashawishika kuwa zinahitaji rangi yao. Zipe utamaduni wa Kirumi wa katikati na mfumo wa utawala wa jiji la biashara, yatosha.

Kosa la pili kubwa la ramani za kusini ni kuipaka Puglia yote rangi ya Kigiriki kwa sababu ilitawaliwa na Bizanti. Bari ilikuwa makao ya gavana wa Bizanti mpaka Guiscard alipoiteka mwezi wa nne mwaka 1071, lakini wakazi wake walio wengi walikuwa watu wa sheria ya Kilombardi na ibada ya Kilatini. Mtazame Argyros. Baba yake, Melo wa Bari, aliasi mwaka 1009, akashindwa Cannae mwaka 1018, akafia uhamishoni Ujerumani. Mwanawe alilelewa Konstantinopoli, akarudi, akaongoza waasi mwaka 1042, akageuka upande wa Kaisari wa Bizanti, na mwaka 1051 akarudishwa Italia akiwa mkuu wa Bizanti huko. Jina la Kigiriki, cheo cha Kigiriki, na bado patriarki wa Konstantinopoli, Mikaeli Kerularios, hakumwamini kwa sababu alikuwa Mlatini wa ibada. Mtu kama huyo huwezi kumweka ikiwa gemu inadhani serikali na utamaduni ni kitu kimoja.

Wagiriki wa kweli wa 1066 waweke kusini mwa Calabria na kwenye kisigino cha buti la Italia, Otranto na vijiji vya Salento. Huko ibada ilikuwa ya Kigiriki, watawa walikuwa Wagiriki, na vijiji vichache vinasema Kigiriki chao hadi leo. Mtakatifu Nilo, aliyeanzisha monasteri ya Grottaferrata karibu na Roma mwaka 1004, alitoka Rossano ya Calabria.

Umeuliza Sisilia iwe ya Waarabu au ya Wasisilia. Kwa 1066 ni ya Waarabu magharibi na kusini, ya Kigiriki kaskazini-mashariki, katika eneo lililoitwa Val Demone. Waislamu walishuka Mazara mwaka 827, wakaichukua Palermo 831 na Siracusa 878. Muda huo ulitosha kuwafanya watu wa magharibi waseme Kiarabu, wengi wao wasiwe na babu hata mmoja kutoka Arabuni. Wanormani wana Messina tangu 1061 lakini Palermo watakuja kuipata mwanzoni mwa 1072, na Noto, ngome ya mwisho, mwaka 1091. Utamaduni wa Kisisilia usiuanzishe. Uache uzaliwe.

Uzaliwe vipi? Kwanza itenge dini na utamaduni, kwa sababu Sisilia ndiyo inayothibitisha kuwa havitembei pamoja. Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia, aliiona Krismasi ya Palermo mwaka 1184 na akaandika kwamba wanawake wa Kikristo walitoka wamevaa kama wanawake wa Kiislamu, hariri, shela na hina, na ulimi wao ni fasaha. Alisema pia kwamba mfalme Mnormani wa Sisilia, William wa Pili, alijua kusoma na kuandika Kiarabu. Kuna jiwe la kaburi la Palermo ambalo padri mmoja, Grisanto, alimwekea mama yake Anna aliyefariki mwaka 1148. Limeandikwa kwa Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, na kila maandishi yana kalenda yake: mwaka 1148 kwa wa kwanza, 6656 kwa Wagiriki, 543 wa Hijria, 4908 wa Kiyahudi. Na katika ikulu ya mji huohuo, kwa mfalme Roger wa Pili, mwanajiografia al-Idrisi alimaliza mwaka 1154 kitabu chake cha jiografia, ambamo Malindi na Mombasa zimetajwa. Msomaji wa pwani yetu akitaka sababu ya kuijali gemu ya Italia, hiyo hapo.

Kwa hiyo nchini Sisilia ruhusu mtawala Mnormani aajiri Waarabu na Wagiriki bila adhabu, kizazi kimoja au viwili. Halafu leta mambo mawili ya kubadilisha mikoa. La kwanza ni wahamiaji: baada ya Roger wa Kwanza, mtawala Mnormani wa Sisilia, kumwoa Adelaide, binti wa ukoo wa kikabaila wa kaskazini-magharibi, mwaka 1089, watu wa kaskazini walimiminika, na miji kama Piazza Armerina, Nicosia na San Fratello bado ina lahaja za kaskazini katikati ya Sisilia. La pili ni kufukuzwa: kuanzia miaka ya 1220 mfalme Frederick wa Pili aliwahamishia Waislamu walioasi Lucera huko Puglia, na mwaka 1300 Karolo wa Pili wa Anjou akaivunja jamii hiyo. Yakitokea yote mawili, Kisisilia kizaliwe. Malta iache ibaki na Kiarabu chake. Mpaka leo lugha yao ni mjukuu wa kile cha Sisilia.

Sardinia ni fupi lakini tamu. Kisiwa kimegawanyika falme nne, Cagliari, Arborea, Torres na Gallura, kila mmoja na "hakimu" ambaye kwa kweli ni mfalme, ila nchi si mali yake binafsi ya kugawa. Wape sheria inayokataza kabisa kugawanya ufalme baina ya wana. Cagliari majina ya kiti yalipokezana: baba Torchitorio, mwana Salusio, mjukuu Torchitorio tena. Mtawala wako wa 1066 ni Orzocco, aliyetawala kwa jina la Torchitorio, na mwanawe Costantino alikuja kuwa Salusio. Ipo hata hati ya Cagliari ya karne hiyo iliyoandikwa Kisardinia kwa herufi za Kigiriki. Majina mengine ya kuweka: Barisone, Gonario, Mariano, Comita. Tafadhali usiwaite watoto wao Giovanni na Giuseppe.

Corsica ipe Kitoscana, usonge mbele.

Kaskazini hakuhitaji tamaduni nyingi, na najua hapo utabisha. Utaniuliza: Milano na Cremona sawa? Kwa sheria, majina, chakula na msemo, ndiyo, karibu sawa. Jina Lombardia enzi hizo lilifunika bonde lote la mto Po. Kinachowatenganisha ni chuki ya jiji kwa jiji, na chuki hiyo ukiigeuza utamaduni utaipoteza. Milano iliibomoa Lodi mwaka 1111. Mwaka 1162 Kaisari Frederick Barbarossa alipoishinda Milano, aliwakabidhi wanaume wa Lodi, Cremona, Como, Pavia na Novara kazi ya kuibomoa, kila mji na sehemu yake, na walifanya kwa moyo. Miaka mitano baadaye Cremona ikawa inaapa kiapo cha ushirika pamoja na Milano dhidi ya Kaisari yuleyule, na Lodi ikavutwa ndani yake. Mwaka 1176 jeshi la muungano likamshinda Kaisari huko Legnano. Hizo si tabia za mataifa mawili, ni za majirani. Tengeneza kipimo cha uhasama kwa kila jozi ya miji, kinachopanda kwa kugombea mto, daraja au ushuru wa soko, na kinachoshuka haraka akitokea adui mkubwa. Ukishaweka hicho, utaona tamaduni kumi kati ya zako 18 hazina kazi tena.

Genova nayo iweke Kilombardi. Najua imejaa watu wa bahari, lakini bahari ni uchumi, si utamaduni; mpe utawala wa makonsuli, viongozi waliochaguliwa na jiji lenyewe, wakati wake ukifika. Huko Pisa makonsuli wanaonekana miaka ya 1080, Milano 1097, Genova karibu na 1099. Mwaka 1066 hakuna, hivyo askofu na makabaila ndio wenye mji, na Milano iko katikati ya vurugu za Pataria, harakati ya watu waliowapinga mapadri waliooa na walionunua vyeo. Kiongozi wake Arialdo aliuawa mwaka huohuo. Anza gemu hapo na jiji linawaka.

Toscana na Roma sina mengi. Pisa iwe na nguvu ya majini: ilivamia bandari ya Palermo mwaka 1063 na ngawira ikachangia kanisa kuu lake. Roma ipe familia zinazogombea upapa, na amri ya mwaka 1059 iliyowakabidhi makardinali uchaguzi iwe mpya na dhaifu.

Na "Kiitalia" sasa. Usikifute kwenye faili, kifunge. Kisitokee kabla ya 1350, na kikitokea kisianzie mikoani. Kianzie kwa watawala na watu wa makasri walioelimika, kwa sharti kwamba jiji la Kitoscana liwe tajiri na maandishi yake yawe yanasomwa nje ya Toscana. Mkoa wa Calabria au wa bonde la Po usigeuke Kiitalia hata gemu ikifika 1453. Wakulima wa huko hawakuwa wamegeuka hata miaka 400 baadaye.